Jina la mtu kwenye ripoti yako ya eksirei

Mgonjwa anapewa ripoti ya eksirei ya mkono iliyoandikwa "mvunjiko wa Colles", anaisoma mara mbili, kisha anauliza: "Huyu Colles ndiye aliyenisomea picha?" Swali hilo si la kuchekwa. Abraham Colles alikuwa daktari wa upasuaji mjini Dublin, na mvunjiko huo aliueleza mwaka 1814, miaka 81 kabla Wilhelm Röntgen hajagundua eksirei. Alitegemea macho na vidole vyake tu. Mtu ameanguka akajikinga kwa kiganja, mfupa wa upande wa dole gumba umevunjika karibu na kifundo cha mkono, kipande kimesogea upande wa mgongo wa kiganja. Ukiutazama mkono huo ubavuni, umepinda kama uma uliolazwa mezani. Kwa umbo hilo daktari anajua mfupa umevunjika hata kabla ya picha. Picha tunaihitaji kujua vipande ni vingapi, na kama ufa umeingia kwenye kiungo.

Katika idara ya dharura majina haya yanadumu kwa sababu yanaokoa maneno. Kwa simu usiku wa manane, jina moja linatosha kumweleza daktari wa mifupa mambo ambayo yangehitaji sentensi nne. Lakini faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba baadhi yake humkumbusha msomaji wa picha asiridhike mapema. Chukua jeraha la Monteggia, lililopewa jina la daktari wa Milano aliyelieleza mwaka huohuo wa 1814. Mkono wa mbele una mifupa miwili. Ule wa upande wa kidole cha mwisho umevunjika, na ufa wake unaonekana wazi kabisa. Jicho likishaupata linataka kupumzika. Kumbe mfupa wa pili, ambao ni mzima, kichwa chake kimeteguka kwenye kiwiko. Mtoto akifungwa plasta kwa ajili ya ule ufa tu, kiwiko kinaweza kupona kikiwa hakikunjiki wala kugeuka sawasawa, na kukirekebisha miezi kadhaa baadaye ni kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo mzazi akiona mtoto anarudishwa kupigwa picha ya kiwiko ilhali maumivu yako katikati ya mkono, asidhani anasumbuliwa bure.

Kuna majina yanayopotosha. Jacques Lisfranc alikuwa daktari wa upasuaji Mfaransa wa enzi za Napoleon, na anakumbukwa kwa njia yake ya kukata mguu uliooza kupitia viungo vya katikati ya unyayo. Leo jina lake tunalitumia kwa jeraha la viungo hivyohivyo, hata kama aliyeumia amejikwaa tu kwenye ngazi. Jeraha hili hujificha: eksirei ikipigwa mgonjwa amelala, mifupa inaweza kuonekana imepangana vizuri. Akisimama na kuukanyagia mguu uzito wake, nafasi kati ya mfupa wa kidole gumba na wa kidole cha pili inapanuka kwa milimita chache, na hizo chache ndizo tunazozitafuta. Ukiwa na michubuko ya damu chini ya unyayo na huwezi kukanyaga, usikubali kuambiwa "umeteguka tu" bila mguu kuangaliwa tena.

Robert Jones, daktari wa mifupa wa Liverpool, yeye alijeruhi mguu wake mwenyewe akicheza dansi, akaandika habari zake mwaka 1902. Mvunjiko wa Jones ni huo, kwenye mfupa wa nje wa unyayo, na hupona polepole kwa sababu damu inayofika pale ni kidogo.

Jina linalowatisha watu kuliko yote, pengine bila sababu, ni Chilaiditi. Hewa ikionekana chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, wasiwasi wa kwanza ni kwamba utumbo umetoboka, na mara nyingi hiyo ni safari ya chumba cha upasuaji. Demetrius Chilaiditi, daktari wa eksirei, alieleza mwaka 1910 hali inayofanana nayo kwa sura: utumbo mpana umejipenyeza kati ya ini na kiwambo, na hewa inayoonekana imo ndani ya utumbo, mahali pake. Ukikaza macho unaona mikunjo ya utumbo ikikatiza ile hewa. Isipoonekana vizuri, siti skani humaliza ubishi. Watu wengi wenye alama hii hawaumwi chochote na hawahitaji tiba.

Kama imewahi kuandikwa kwenye ripoti yako, itaje kila unapopigwa picha ya kifua au tumbo, na picha ya zamani uje nayo. Tukiziweka mbili pamoja na hewa ikawa palepale na mikunjo ileile, tunarudi kutafuta chanzo cha maumivu yako kwingine.