Je, wajua kwa nini redio ya FM hukoroma ndani ya nyumba ya bati?

Wakazi wengi wa Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, wanalifahamu jambo hili: redio iliyowekwa sebuleni hukoroma na kupotea, lakini ikitolewa uani sauti husafika papo hapo, ingawa redio ni ileile na stesheni ni ileile.

Matangazo ya FM hurushwa kati ya megahezi 87.5 na 108, ambako wimbi moja lina urefu wa mita 3 hivi. Mawimbi ya namna hiyo husafiri karibu katika mstari ulionyooka, tofauti na yale ya masafa ya kati, yenye urefu wa mamia ya mita, ambayo hutambaa juu ya ardhi na kuvuka vilima bila taabu kubwa. Bati huyarudisha yalikotoka, na vilima vya mawe kama Mlimwa na Imagi huyakinga, hata nyumba iliyo nyuma yake ikabaki kivulini. Hata mbuga tambarare ina mpaka wake, kwa kuwa dunia ni duara. Mnara wa mita 100 humfikia msikilizaji mwenye antena ya mita 1 umbali wa kilometa 45 hivi. Antena hiyo ikipandishwa hadi mita 9, umbali huwa kilometa 54 hivi. Kwa hiyo, kabla ya kununua antena ya bei kubwa, ni heri kununua mlingoti mrefu.

Antena yenyewe si kitu cha kutisha. Fimbo mbili za alumini, kila moja sentimita 71, zikipangwa katika mstari mmoja bila kugusana, hufanya karibu nusu ya wimbi la megahezi 100, na kwa urefu huo umeme uliomo huyumba sambamba na wimbi linalopita. Waya wa antena ya televisheni wa omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) huziafiki vizuri, kwa sababu ukinzani wa fimbo hizo katikati ni omu 73 hivi. Antena ya king'amuzi, kinyume chake, hutengenezwa kwa masafa ya kuanzia megahezi 470, hivyo vijiti vyake ni vifupi mno kwa FM. Wengi huichomeka kwenye redio wakashangaa kuona nafuu ni ndogo.

Fimbo zikisimamishwa wima hupokea kutoka pande zote, na zikilazwa hupokea vyema kutoka ubavuni na vibaya sana kutoka nchani. Stesheni nyingine hurusha mawimbi ya wima, nyingine ya mlalo, kwa hiyo jaribu mikao yote miwili kabla ya kukaza boliti. Aliye mbali, kama Kongwa, anayetaka stesheni za mjini tu, atafaidika zaidi na antena yenye fimbo kadhaa sambamba inayoelekezwa upande mmoja.

Mlingoti usimame mbali na nyaya za umeme kuliko urefu wake wenyewe, ili hata ukianguka usiziguse. Tena uunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini, na katika miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, waya wa antena uchomolewe redioni mara mawingu yanapoanza kutanda, kabla ngurumo hazijakaribia.