Fungu la nauli: kwa nini aliyekaa pembeni yako ndegeni kalipa nusu ya ulicholipa

Kwenye soko la Kilombero, hapa Arusha, nyanya huuzwa kwa mafungu: nyanya tano juu ya gunia, unalipa, unafungiwa, unaondoka. Sasa fikiria mama muuza nyanya apange mafungu kumi yanayolingana, kisha atangaze kwamba matatu ya kwanza ni mia tano, manne yanayofuata ni elfu moja, na matatu ya mwisho ni elfu mbili. Nyanya zilezile, gunia lilelile. Wateja wangemwuliza kama ameamka salama. Mashirika ya ndege hufanya hivyo kila siku na tunalipa.

Hilo ndilo fungu la nauli: idadi ya viti ambayo shirika limeamua kuiuza kwa bei fulani, kwenye safari fulani ya siku fulani. Kikishachukuliwa kiti cha mwisho cha fungu hilo, bei inaruka kwenda fungu linalofuata. Wauza tiketi huliita klasi, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu abiria akisikia klasi anawaza daraja la kawaida na daraja la biashara, yaani lile pazia la mbele na viti vipana. Fungu la nauli halionekani ndani ya ndege. Daraja la kawaida pekee linaweza kuwa na mafungu kumi na zaidi, na wote waliomo wanakula karanga zilezile.

Kila fungu lina herufi yake. Y kwa kawaida ni nauli kamili ya daraja la kawaida, ile ghali isiyo na masharti mengi. Herufi nyingine, B, M, H, K, L na wenzake, kila shirika huzipanga kwa utaratibu wake. Herufi yako ipo kwenye tiketi, karibu na namba ya ndege, ila ni wachache wanaoitazama. Mimi nilianza kuitazama siku niliyokaa nyuma ya kaunta ya wakala mmoja wa tiketi mjini Moshi, nikimsubiri afunge ofisi tukale. Skrini yake haikuwa na picha za fukwe wala vitufe vya rangi. Ilikuwa mistari mitupu: Y9 B9 M9 H6 K2 L0. Nikamwuliza kama ni namba za mtihani.

"Hivyo ni viti, kaka. Tisa maana yake tisa au zaidi. K zimebaki mbili. L imeshafungwa." Kisha akaongeza bila kuinua macho: "Ukija kesho utakuta nauza H, halafu utasema mimi ndiye mwizi."

Usidhani kuna viti vimechorwa K kwa chaki. Kiti cha 14C kinaweza kukaliwa na wa Y leo na wa L kesho. Kinachogawanywa ni ruhusa ya kuuza kwa bei fulani, na kompyuta ya shirika huifungua na kuifunga kila inapoona mauzo yanakwendaje. Ndege isipouzika vizuri, fungu lililofungwa hufunguliwa tena. Ndiyo maana bei hushuka pia, tena siku ambayo hukutegemea.

Kuna kosa moja ambalo ukishaelewa fungu ni nini hulirudii, na mimi nimelilipia. Tulikuwa wanne tunakwenda harusini Dar es Salaam: mimi, mke wangu, shemeji na mama mkwe. Nikakaa na simu usiku, nikajaza abiria wanne, KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kwenda Dar, bei ikaja shilingi 265,000 kila mmoja. Nikalipa. Baada ya kulipa, kwa umbea tu, nikatafuta tena safari ileile kwa abiria mmoja. 190,000. Nikaweka wawili: 190,000. Nikaweka watatu: 265,000. Nikaiweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Kilichotokea ni kwamba fungu la bei ya chini lilikuwa na viti viwili tu. Mfumo unapoombwa viti vinne kwa pamoja, kwa kawaida haugawi familia wawili huku na wawili kule. Unatafuta fungu linaloweza kuwameza wote wanne, na bei ya fungu hilo inakuwa ya kila mtu. Ningebuku wawili kwanza, halafu wawili wengine, ningeokoa 150,000. Mama mkwe hajaambiwa hadi leo. Kwa hiyo siku hizi naanza na abiria mmoja, kisha nawaongeza hadi nione bei inaporuka. Ila ukigawa hivyo, kumbuka kila buking inasimama peke yake: ndege ikiahirishwa, wawili wanaweza kuhamishiwa asubuhi na wengine jioni. Mtoto mdogo usimtenge na mzazi kwa ajili ya elfu sabini.

Turudi sokoni, maana kuna jambo halijakaa sawa. Nyanya ikifika saa kumi na mbili jioni, bei inashuka, kwa sababu kesho itakuwa imelegea. Kiti cha ndege huharibika kuliko nyanya: mlango ukishafungwa, kiti kitupu hakina thamani hata ya mia. Kwa nini basi hakishuki bei dakika za mwisho?

Ni kwa sababu ya anayenunua mwishoni. Anayefika sokoni jioni anaweza kusema leo tunakula maharage. Anayetafuta tiketi ya kesho asubuhi kutoka KIA kwenda Dar ana msiba, ana kesi mahakamani, au ana miadi ya viza ubalozini. Hana maharage. Shirika linamjua, na linamwekea akiba ya viti. Basi la Arusha kwenda Dar lina kikomo cha nauli kinachowekwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa hiyo mwenye shida na asiye na shida hawapishani sana. Ndegeni, bei inafuata ukubwa wa shida yako kuliko gharama ya mafuta.

Hesabu ya akiba hiyo iliandikwa mwaka 1972 na Ken Littlewood, aliyekuwa akifanya kazi BOAC, shirika la Uingereza ambalo baadaye likawa sehemu ya British Airways. BOAC ilikuwa imeanza kuuza tiketi za bei ya chini kwa waliobuku siku 21 kabla, na swali likawa: tuuze ngapi? Kanuni yake ni rahisi kuliko unavyodhani. Tuseme bei ya mwenye shida ni 400,000, na uwezekano wa yeye kutokea kwa kiti hiki ni nusu kwa nusu. Kukisubirisha kiti kuna thamani ya 200,000. Mtu akija leo na 190,000, mwambie zimeisha. Uwezekano ukishuka hadi theluthi, thamani inakuwa kama 133,000, na yule wa 190,000 mkaribishe kwa mikono miwili. Mifumo ya leo ni mikubwa zaidi, lakini moyo wake ni huohuo.

Wamarekani ndio waliogeuza hesabu hiyo kuwa silaha. Baada ya serikali yao kupitisha sheria ya kuacha kupanga nauli mwaka 1978, liliibuka shirika la bei chee, People Express, likawanyang'anya wakubwa abiria. Januari 1985 American Airlines walijibu kwa nauli zilizoshuka mno, lakini kwa idadi maalumu ya viti na kwa wanaonunua mapema tu. Wafanyabiashara wa dakika za mwisho waliendelea kulipa bei yao ya zamani kwenye ndege hiyohiyo. Kufikia 1987 People Express ilikuwa imemezwa.

Huku kwetu somo lilifika Novemba 2012, Fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar kwenda Kilimanjaro na Mwanza ikitangaza nauli kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Neno la kushika hapo ni "kuanzia". Hilo lilikuwa fungu la kwanza, haikuwa bei ya ndege nzima. Hadi leo tangazo lolote lenye "kuanzia" lisome hivyo: viti vichache, siku chache, na kodi zinakuja nyuma.

Ukishaelewa haya, uzushi mwingi wa mitandaoni unajifia wenyewe. Kuna wanaoapa kwamba tovuti inakukumbuka, ukirudi mara ya pili inapandisha bei, kwa hiyo utafute kwa dirisha la siri (incognito). Fanya ukipenda, haidhuru. Lakini bei iliyopanda kati ya saa mbili na saa tatu usiku inaelezeka bila uchawi: kuna mtu kachukua kiti cha mwisho cha fungu. Na ikishuka asubuhi, huenda kuna mtu alibuku bila kulipa, muda ukapita, kiti kikarudi kwenye fungu lake. Habari ya kununua Jumanne nayo siichukulii uzito. Siku unayoruka ina nguvu kuliko siku unayonunua. Ijumaa jioni na Jumapili jioni zitakuumiza, Jumatano mchana itakuhurumia.

Vyombo vya kutafutia ni vilevile mnavyovijua. Google Flights ina kalenda inayoonyesha bei ya kila siku, na hiyo kalenda ndiyo picha ya karibu zaidi ya mafungu ambayo mtu asiye wakala anaweza kuiona. Skyscanner yenyewe haiuzi tiketi, inakupeleka kwa muuzaji. Nikishapata bei huko narudi kwenye tovuti ya shirika lenyewe, kwa sababu siku tiketi ikiharibika sitaki kuongea na mtu wa kati aliye nchi nisiyoijua. Ndege ndogo zinazotoka Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, mara nyingi hazionekani kwenye vyombo hivyo, kwa hiyo ziangalie kwenye tovuti zao.

Hapo Kisongo ndipo sisi wa kaskazini tunapojikwaa. KIA, uliofunguliwa mwaka 1971, huandikwa JRO. Uwanja wa Arusha wa Kisongo ni ARK. Ukiandika kimoja, mara nyingi kingine hakiji. KIA uko katikati ya Arusha na Moshi, kama kilomita 50 kutoka Arusha, hivyo aliyeko Ngaramtoni, kando ya Arusha, anayefurahia tiketi ya KIA iliyo chini kwa elfu thelathini ajumlishe teksi kwanza. Wa Moshi hana mjadala, KIA ndiyo yake. Kwa safari za nje angalia pia Nairobi, NBO. Mashirika ni mengi zaidi kule, na mara nyingi tofauti ya bei inalipa shatoo, yaani basi dogo, ya kupita mpakani Namanga na chakula na bado inabaki. Lakini hiyo ni kwa mwenye muda. Na ndege ya asubuhi Nairobi maana yake ni kulala Nairobi.

Kisha masharti. Fungu la chini kabisa mara nyingi halina begi la kukabidhi, halirudishiwi fedha, na kubadili tarehe kunaweza kugharimu karibu sawa na tiketi mpya. Anayesafiri na ndoo ya parachichi na nusu mkungu wa ndizi za kupelekea ndugu atalipia uzito huo uwanjani, na akijumlisha ataona fungu la juu lilikuwa rahisi. Tiketi ya kwenda na kurudi nayo ina mtego wake: ukiacha kupanda ndege ya kwenda, kwa kawaida ya kurudi inafutwa yenyewe.

Desemba ndiyo mwezi wa kuyaona mafungu kwa macho. Wachaga wanarudi nyumbani, kila mtu analijua hilo, na kompyuta za mashirika zinalijua kutuzidi. Wiki ya kabla ya Krismasi, Dar kwenda KIA, mafungu ya chini yamefungwa zamani. Tazama sasa upande wa pili: ndege hiyohiyo ikigeuza kutoka KIA kwenda Dar siku hiyohiyo, viti vipo na bei imetulia, maana nani anayeikimbia Moshi tarehe 22? Wiki ya kwanza ya Januari mambo yanageuka. Kilimanjaro Marathon nayo hufanya hivyo kwa kiwango kidogo mwishoni mwa Februari, wakimbiaji wa Dar wanapopanda Ijumaa na kushuka Jumapili. Masika ya Aprili na Mei watalii hupungua, na hapo hata mtu aliyelala anaweza kuokota fungu zuri.

Kwangu mimi, tiketi ya Desemba inanunuliwa Septemba au Oktoba. Ya ndani ya nchi kwa siku za kawaida, nanunua siku niliyoijua tarehe, sisubiri ishuke. Dada yangu alinipigia kutoka Dar tarehe 15 Desemba. "Mdogo wangu, wewe si mtaalamu? Nitafutie ya tarehe 22, ya bei rahisi." Nikatafuta kwa abiria mmoja. Nikaangalia herufi: Y. Nikamtumia namba ya mkata tiketi wa basi, stendi ya Magufuli, Mbezi.