Sare mpya ya sekondari: kabla bodi haijapitisha rangi

Sketi ilikuwa ya binti wa kidato cha pili, kijani. Mama yake aliniletea karakana nimwongezee urefu. Nilipofumua pindo kwa wembe, inchi 3 za kitambaa zilizokuwa zimejificha ndani zilitoka kijani cha chupa, kama siku kilipokatwa dukani. Juu ya pindo rangi ilishageuka majani makavu.

"Sasa mwalimu, mtoto si ataonekana kavaa sketi mbili?"

Kwa rangi sikuwa na la kufanya. Nilimshonea urefu wake, akaondoka nayo hivyo hivyo, ina mstari kama ukuta uliopakwa chokaa nusu.

Mimi ni mkufunzi wa ushonaji katika chuo cha ufundi hapa Dodoma. Kila mwaka huja wakuu wa shule na wajumbe wa bodi kutaka ushauri, ama shule ya kata ndiyo inaanza, ama ya zamani inataka kubadili sare "ili nidhamu irudi". Mazungumzo huanza na rangi: damu ya mzee au zambarau? Mimi huomba rangi tuiweke mwisho, tuanze na kalenda.

Shule zinafunguliwa Januari. Kwa mkulima wa Bahi, Kongwa au Chemba, huo ndio mwezi mbaya kuliko yote. Mvua zimeanza Desemba, mtama na uwele bado mchanga shambani, na kilichobaki ghalani kinahesabiwa kwa kibaba. Hela ya mtama na alizeti huonekana katikati ya mwaka, baada ya mavuno. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, lakini sare ilibaki mikononi mwa mzazi, na inamdai wakati mfuko umekauka. Juu ya hapo, shule aliyopangiwa mtoto hujulikana Desemba, wiki chache tu kabla ya kufungua. Mafundi cherehani wa Majengo, hapa mjini, wanaujua msimu huo vizuri: vitambaa vimerundikana mpaka chini ya cherehani, na jibu kwa kila mteja ni njoo kesho.

Kwa hiyo shule inayobadili sare itangaze ifikapo Juni, itaje kitambaa na mshono, na wanafunzi waliopo wamalizie na sare waliyonayo. Mzazi wa darasa la saba naye asisubiri Desemba. Shati jeupe, soksi na viatu vyeusi vya kamba vinakubalika karibu kila shule, avinunue Agosti. Kitakachobaki Januari ni sketi au suruali na sweta. Hata hivyo vikichelewa, mtoto aende. Serikali imekuwa ikirudia agizo hilo kila mwaka, kwamba apokelewe hata kwa sare ya shule ya msingi. Anayemrudisha getini anakosea.

Kwamba kipande cha nguo kinaweza kumtoa mtoto shuleni si maneno ya huruma tu. Magharibi mwa Kenya, kuanzia 2003, watafiti walifuatilia shule za msingi 328. Katika baadhi ya shule hizo wanafunzi walipewa sare bure. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha masomo walikuwa takriban 16 kati ya 100 pale palipotolewa sare, dhidi ya 19 pale ambapo hazikutolewa. Hata mimba za utotoni zilipungua.

Sasa mshono. Bodi nyingi hupenda sketi ya marinda kuzunguka kiuno kizima, na kweli inapendeza paredi. Lakini rinda linalojaa hula kitambaa mara tatu ya kipimo cha nyonga. Binti mwenye nyonga inchi 34 anahitaji zaidi ya inchi 100 za upana, yaani vipande viwili vya kitambaa cha upana wa inchi 60, mita moja na nusu au zaidi. Sketi ya pande sita kwa binti huyohuyo hutoka kwenye mita moja hivi, haihitaji pasi kila siku, na kila mshono wake unaweza kuachwa na akiba ya kupanua. Tena si kila nyumba ina umeme, na pasi ya mkaa inataka mkaa. Kama lazima marinda yawepo, mawili mbele yanatosha.

Akiba hiyo si anasa. Mtoto akiwa katika kasi ya balehe huongezeka hata sentimita 7 au 8 kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana nasema pindo liwe inchi 3, na suruali ya mvulana iwe na akiba nyuma kiunoni. Fundi anayekata pindo la nusu inchi kwa sababu "ndiyo linakaa vizuri" amekuuzia sare ya mwaka mmoja.

Rangi, basi. Sehemu ya chini iwe nzito: bluu ya giza, kijani cha chupa, kahawia. Nimeona shule ikichagua sketi ya kijivu cheupe, na wasichana wakiwa kwenye hedhi wanafunga sweta kiunoni mchana wa jua kali, au hawaji kabisa. Juu, pamoja na vumbi letu jekundu na tabu ya maji, bado natetea shati jeupe. Linauzwa kila duka na kila rundo la mtumba, na mtoto ametoka nalo shule ya msingi. Ukichagua shati la rangi ya pekee, mzazi amefungwa kwa muuzaji mmoja, na muuzaji mmoja hupanga bei anavyotaka. Tai, kwa maoni yangu, haina kazi Dodoma. Sweta inayo: asubuhi za Juni na Julai upepo wa hapa hauna mzaha.

Kuhusu kanuni, andikeni kwa vipimo. "Sketi ya heshima" ni neno la kugombania kila asubuhi. "Inchi 4 chini ya goti" halina mjadala, na hijabu itajwe wazi rangi yake ili binti wa Kiislamu asihojiwe mlangoni. Suruali modo nayo ipimwe: andikeni upana wa mguu chini, inchi 8 kwa mfano. Niliwahi kuletewa suruali ya kijana iliyochanwa kwa mkasi mbele ya wenzake kwa kosa la kubana. Mchano ulipita goti, haishoneki tena. Baba yake alinunua nyingine kwa hela ya mbuzi.

Mkishaafikiana, nunueni robo mita tu ya kitambaa kabla ya kuagiza majora. Kikunjeni ngumini dakika moja, mwone kama mikunjo inaachia. Kisha kateni vipande viwili. Kimoja kiwekeni sandukuni. Cha pili kifuliwe kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani kila siku kwa wiki tatu, upande wa nje ukielekea juu, kama watoto wanavyoanika. Siku ya kikao vilazeni mezani pamoja, muone bodi itachagua nini.