Tambi za nyama na pai ya embe: dakika za paketi hazitoshi Arusha

Paketi ya tambi iliyoandikwa "dakika 9" inakisia kwamba maji yako yanachemka kwenye nyuzi 100. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi mjini iko chini zaidi na yanachemka karibu na 97. Ukipanda Machame au Marangu yanashuka tena. Kuongeza moto hakusaidii: maji yakishafika kiwango chao yanapungua kwa mvuke tu, hayazidi kupata joto. Ndiyo maana maharage ya huku yanakula mkaa kuliko ya Tanga.

Naanza na hilo kwa sababu tambi na pai ya matunda vina shida moja, nayo ni wanga ambao haukuiva. Tambi zenye unga katikati, mchuzi mweupe unaoacha ladha ya unga mdomoni, pai inayomwaga maji ukiikata: mara nyingi mpishi alifuata muda wa watu wa pwani au wa Ulaya.

Vipimo vyangu ni hivi: kikombe ni mililita 250, kijiko cha chakula 15, cha chai 5.

Kwanza soma paketi. Tafuta neno "durum". Hiyo ni ngano ngumu, na Italia ina sheria tangu 1967 inayotaka tambi kavu zitengenezwe kwayo. Tambi za ngano laini ni rahisi kuzipata na bei yake ni nzuri, lakini huku juu tunachemsha muda mrefu zaidi, nazo hazivumilii: nje zinavurugika kabla ndani hakujaiva. Kama ndizo ulizo nazo, zipike za mchuzi wa supu. Usizipeleke kwenye oveni.

Nusu kilo ya tambi inalisha watu watano wenye njaa. Chemsha lita 4 za maji na vijiko vya chakula 2 vya chumvi, visijae sana. Vitabu vinadai lita 5, ila kwa bei ya gesi ya sasa 4 zinatosha, mradi ukoroge kwa nguvu dakika mbili za mwanzo. Hapo ndipo wanga wa nje unapotoka na kunata, na tambi zilizogandana wakati huo hazitaachana tena. Mafuta ndani ya maji ni kazi bure: yanaelea juu, kisha wakati wa kuchuja yanapaka tambi na mchuzi unateleza.

Paketi ikisema dakika 9, anza kuonja dakika ya 9, lakini kwa Arusha tegemea 11 au 12, kwa Moshi 10 au 11. Kata tambi moja kwa meno utazame katikati. Nukta nyeupe ni wanga mbichi. Kwa tambi zitakazomalizikia kwenye mchuzi, nukta ndogo inaruhusiwa. Kabla hujachuja, chota vikombe viwili vya yale maji na uyaweke pembeni. Usiyamwage, utayahitaji.

Sasa mchuzi. Ng'ombe wengi wa bucha zetu ni wa kienyeji na nyama yao haina mafuta mengi, kwa hiyo mwambie muuzaji asage na kipande cha mafuta. Sehemu moja ya tano ikiwa mafuta si nyingi. Nyama kavu tupu ikichemka saa nzima inakuwa kama mchanga.

Kwa nusu kilo ya nyama: vitunguu maji 2 vya wastani, karoti 1 kubwa, bua 1 la seleri ukilipata, punje 3 za kitunguu saumu, nyanya mbivu gramu 700, vijiko vya chakula 2 vya nyanya ya kopo, nusu kikombe cha maziwa, mafuta vijiko 3, chumvi na pilipili manga. Kuhusu nyanya, chagua zile zenye ngozi ngumu, aina ya Tengeru 97 au Tanya. Zina nyama nyingi na maji machache. Nyanya zenye maji mengi zinafaa kachumbari. Kwenye mchuzi huu zitakuongezea nusu saa jikoni.

Kosa kubwa zaidi ni kumwaga nyama yote mara moja kwenye sufuria nyembamba. Inatoa maji, inajichemsha, inakuwa ya kijivu na haina harufu. Tumia kikaango kipana, moto mkali, nyama kwa mafungu mawili, na usiikoroge kwa dakika tatu za mwanzo. Unataka rangi ya kahawia chini. Ikishashika rangi, itoe, kaanga vitunguu, karoti na seleri kwa moto wa wastani dakika 10 mpaka vilainike, weka saumu, kisha nyanya ya kopo uikaange dakika 2 hadi ibadilike kuwa nyekundu iliyokolea. Rudisha nyama, mimina maziwa yakauke karibu yote, ndipo utie nyanya zilizokwanguliwa. Funika nusu, moto mdogo, saa moja na nusu. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo ikikauka.

Maziwa yanawashangaza watu, lakini ni ya asili. Mapishi ya mchuzi wa nyama wa Bologna yaliyowekwa kwenye kumbukumbu za Chemba ya Biashara ya mji huo mwaka 1982 yana maziwa, na nyanya yake ni kidogo kuliko tunayotia sisi. Maziwa yanapunguza ukali wa nyanya na kuufanya mchuzi uwe mzito. Bizari ya pilau msiweke, tafadhali. Si kwamba ni vibaya, ila itakuwa chakula kingine.

Kuunganisha ndiko wengi wanakokosea: wanapakua tambi nyeupe, wanamwagia mchuzi juu, na chini ya sahani kinabaki kidimbwi cha maji mekundu. Weka tambi ndani ya mchuzi ulioko motoni, ongeza nusu kikombe cha maji ya tambi uliyoyachota, pindua dakika 2 kwa moto mkali. Wanga ulio kwenye maji hayo unashikanisha mafuta na nyanya, na mchuzi unang'ang'ania tambi. Ukikauka ongeza tena.

Ukitaka makaroni ya kuoka, chemsha makaroni dakika 3 pungufu, changanya na mchuzi huohuo ulio mwepesi kidogo, juu mimina mchuzi mweupe: siagi gramu 50, unga gramu 50, maziwa mililita 700. Kaanga unga kwenye siagi dakika 2 bila kuuacha ubadilike rangi, tia maziwa ya uvuguvugu taratibu huku ukipiga. Utakuwa mzito haraka, nawe utashawishika kuutoa. Usiutoe. Uache utokote polepole dakika 10 huku ukikoroga, mpaka ule unga uishe ulimini. Jibini ngumu gramu 100 juu, oveni nyuzi 190, dakika 30, kisha subiri dakika 15 kabla ya kukata.

Pai inahitaji mkono tofauti kabisa. Aliyezoea kukanda chapati ana mazoea mabaya kwa pai. Chapati unaikanda hadi iwe laini na ivutike. Ganda la pai likivutika limeshaharibika, litakuwa gumu na litasinyaa kwenye oveni hadi kingo zianguke ndani.

Kwa bati la sentimita 23, chini na juu: unga wa ngano wa kawaida gramu 320 (vikombe viwili na nusu), siagi ya baridi gramu 220, chumvi kijiko cha chai 1, sukari kijiko cha chakula 1, maji ya baridi sana mililita 90 hadi 120. Hewa ya Arusha wakati wa kiangazi inakausha unga, ndiyo maana maji siyapangii kipimo kimoja.

Majarini inawezekana, ila soma pembeni mwa kopo. Siagi ina mafuta kama asilimia 80. Majarini za kupaka mkate nyingine ziko chini ya 70, na kilichobaki ni maji hasa, hivyo punguza maji ya kukandia kwa vijiko viwili. Samli haina maji kabisa: inatoa ganda linalomumunyika bila matabaka. Tamu, lakini halibebi matunda mazito.

Kata siagi vipande vidogo, ifikiche kwenye unga kwa ncha za vidole, si viganja, kwa sababu kiganja kina joto. Acha inapofanana na mtama, na vipande vingine vikubwa kama maharage vibaki. Hivyo vipande ndivyo vitakavyotoa mvuke na kutenganisha matabaka. Nyunyiza maji vijiko 6 kwanza, kusanya kwa uma. Finya donge: likishikana, inatosha, likivunjika, ongeza kijiko kimoja. Ligawe mara mbili, la chini kubwa kidogo, libonyeze liwe bapa, lifunge kwenye mfuko, friji saa moja. Moshi wakati wa Januari na Februari siagi inayeyuka mikononi, kwa hiyo fanya kazi hii alfajiri, na unga wenyewe uweke friji usiku. Arusha mwezi wa saba huna shida hiyo. Shida yako itakuwa ganda gumu kama ubao likitoka kwenye friji. Liache mezani dakika 10 kabla ya kulisukuma.

Matunda. Kwa pai ya embe nachukua dodo zilizoanza kuiva lakini bado ngumu, nyama yake gramu 900 baada ya kumenya. Embe iliyoiva sana inageuka uji. Sukari gramu 100, wanga wa mahindi gramu 30 (vijiko vya chakula vinne hivi, vya kusawazisha), chumvi kidogo, tangawizi mbichi iliyokwanguliwa kijiko cha chai 1. Huna wanga wa mahindi? Unga wa kastadi wa kopo, kwa kawaida, ni wanga huohuo na rangi na vanila. Tumia kiasi kilekile. Unga wa muhogo wa ugali si mbadala wake.

Changanya embe na sukari, ziache dakika 30 zitoe maji. Chuja maji hayo kwenye sufuria, koroga wanga humo kabla hujawasha moto, chemsha mpaka yatokote na yabadilike kutoka weupe wa maziwa kuwa ya kung'aa. Acha yatokote dakika 2 zaidi. Wanga wa mahindi unapata nguvu yake yote karibu na nyuzi 95, na hapo ndipo maji yetu yanapoishia, kwa hiyo hatuna akiba ya joto. Tunafidia kwa muda. Zima, rudisha embe, tia maji ya limau vijiko 2. Limau ni la mwisho, kwa kuwa asidi ikichemshwa muda mrefu na wanga inaukata na rojo inarudi kuwa maji. Acha ipoe kabisa. Matunda ya moto juu ya ganda bichi yanayeyusha siagi, na chini panabaki unga uliolowa.

Nanasi linataka kupikwa zaidi, dakika 10 hadi 15 kwa vipande vidogo, mpaka maji yake yapungue nusu. Plamsi za Lushoto zinahitaji sukari gramu 150, na usizimenye. Matofaa ya kijani yanaenda mabichi, yakikatwa vipande vya nusu sentimita.

Sukuma ganda la chini liwe unene wa milimita 3, lilaze kwenye bati bila kulivuta, jaza, funika, bana kingo, toboa matundu manne juu, paka yai. Bati jembamba la aluminiamu linashinda bakuli la kioo: linapitisha joto haraka, na kioo kikitoka kwenye friji kwenda oveni kinaweza kupasuka. Weka trei nzito ndani ya oveni tangu unapoiwasha, pai ikae juu yake. Nyuzi 220 kwa dakika 20 sehemu ya chini ya oveni, kisha 180 kwa dakika 35 hadi 45. Rangi ya juu isikudanganye. Pai imeiva pale unapoona rojo inatokota taratibu kwenye matundu ya katikati. Juu kukiwahi kuungua, funika na karatasi ya foili.

Kwa mkaa: sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu sentimita 2 chini, kistendi juu yake, pasha dakika 20 ikiwa na mfuniko. Keki tunaoka kwa moto mwingi juu na kidogo chini. Pai, dakika 20 za kwanza, iwe sawasawa juu na chini, vinginevyo ganda la chini litabaki jeupe. Baadaye punguza chini.

Ipoe saa 3 kabla ya kukata, maana rojo inashikana ikipoa. Iliyobaki ikae friji siku 2 au 3, na kuipasha tumia oveni nyuzi 180 dakika 15. Mikrowevu inalainisha ganda.