Je, wajua kwa nini Uingereza ilimtuma mtekaji wa meli kuwaangamiza maharamia?

Mwaka 1718 Mfalme George wa Kwanza alimteua Woodes Rogers kuwa gavana wa visiwa vya Bahamas, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwang'oa maharamia waliokuwa wameufanya mji wa Nassau makao yao. Ajabu ni kwamba Rogers mwenyewe alijipatia jina kwa kuteka meli.

Ila yeye alikuwa na kibali. Enzi hizo, vita vikizuka, serikali ziliwaruhusu wenye meli binafsi kushambulia meli za adui na kugawana ngawira. Aliyeteka bila ruhusa alinyongwa. Aliyeteka kwa ruhusa alipokewa kama shujaa. Rogers aliondoka Bristol mwaka 1708 akiwa na meli mbili, Duke na Duchess, kwenda kuwawinda Wahispania katika bahari ya Pasifiki. Njiani, mwaka 1709, mabaharia wake walimwokoa Alexander Selkirk, aliyekuwa ameishi peke yake kisiwani zaidi ya miaka minne, akivaa ngozi za mbuzi.

Mwishoni mwa mwaka huo waliteka meli ya Wahispania iliyotoka Manila, karibu na pwani ya California. Risasi ilimpiga Rogers kwenye taya la juu, baadhi ya meno yake yakaanguka sitahani. Hakuweza kusema, akawa anatoa amri kwa maandishi. Alirudi nyumbani mwaka 1711 baada ya kuizunguka dunia, lakini mabaharia walimshtaki wakidai mgao wao, naye akafilisika.

Mwaka 1714 alifika Madagaska, kununua watumwa wa kuuzwa Asia ya Kusini-Mashariki. Biashara hiyo ni doa ambalo sifa zake zote haziwezi kulifuta. Huko ndiko alikokutana na maharamia walioweka makazi, akawahoji na kujifunza maisha yao.

Kumbe vita vya Ulaya, vile vilivyompa Rogers kibali chake, vilikuwa vimekwisha mwaka 1713. Vibali vilikoma, mabaharia wengi wakakosa kazi, na baadhi yao wakaendelea kuteka meli kama walivyozoea. Nassau iliwafaa sana: bandari yake ilikuwa na kina kifupi, manowari kubwa hazikuweza kuingia kwa urahisi, na njia za meli za biashara zilipita jirani.

Rogers alifika Julai 1718 akiwa na msamaha wa mfalme kwa kila ambaye angeacha uharamia. Nahodha wa maharamia Charles Vane alikataa. Usiku aliiwasha moto meli ya Kifaransa aliyokuwa ameiteka, akaiachia ielekee kwenye manowari za Waingereza, nazo zikalazimika kurudi nyuma. Kulipokucha akatoroka. Wengi waliobaki walikubali msamaha, akiwemo nahodha Benjamin Hornigold, na hapo ndipo naonapo werevu wa Rogers: alimtuma Hornigold akawakamate wenzake wa zamani. Desemba hiyo, waliosamehewa kisha wakarudia uharamia walihukumiwa, na wanane wakanyongwa Nassau mbele ya watu waliowafahamu vizuri. Hakuna aliyejitokeza kuwaokoa.

Mtu akidhani alitajirika, haikuwa hivyo. Maradhi yaliwaua wengi wa watu aliokuja nao, na London haikuleta msaada wa kutosha. Alikarabati ngome kwa fedha za mkopo, na mwaka 1720 Wahispania waliposhambulia, mji ulisimama imara. Mwaka uliofuata alirudi Uingereza na kutupwa gerezani kwa sababu ya madeni hayo, aliyoyabeba kwa ajili ya koloni la mfalme. Baadaye wadai wake walimsamehe.

Mwaka 1728 aliteuliwa tena kuwa gavana. Alirudi Nassau mwaka uliofuata, likaundwa baraza la kwanza la kutunga sheria la Bahamas, na alikuwa bado madarakani alipofariki huko mwaka 1732.