Je, wajua kwa nini injini "iliyofungwa" ya langalanga (Formula 1) huzidi kupata nguvu?

Tarehe 12 Juni 2022, jijini Baku, Charles Leclerc wa Ferrari alikuwa akiongoza mbio. Mzunguko wa 20, moshi ukaanza kufuka nyuma ya gari lake na safari ikaishia hapo. Wiki nne baadaye, huko Austria, mwenzake Carlos Sainz alikuwa akimnyemelea Max Verstappen wa Red Bull pale injini ilipopasuka. Gari likawaka moto, likaanza kurudi nyuma kwenye mteremko huku Sainz bado anahangaika kutoka ndani.

Ungedhani mafundi wa Ferrari wamelala kazini. La. Kwa sehemu kubwa, hatari hiyo waliichagua wenyewe.

Tangu 1 Machi 2022, FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizo, lilifunga uendelezaji wa injini mpaka mwisho wa 2025. Injini uliyoisajili ndiyo utakayokaa nayo miaka minne. Gharama zilikuwa zimepanda mno. Tena Honda, waliowaundia Red Bull injini, walikuwa wameshatangaza kuondoka, na Red Bull, waliobaki na injini ya Kijapani mikononi, waliupigania sana mpango huo. Ila sheria iliacha mlango mmoja wazi: kifaa kikiwa kinaharibika, ruksa kukirekebisha. Marufuku ni kuongeza nguvu.

Sasa muulize fundi yeyote wa gereji kama mambo hayo mawili yanatenganishika. Nguvu ya injini inatokana na presha ndani ya silinda. Turbo ikisukuma hewa nyingi zaidi na cheche ikiwahishwa kidogo, pistoni inasukumwa kwa nguvu kubwa zaidi. Lakini joto nalo hupanda, petroli huanza kujilipukia kabla ya wakati wake, na ukiendelea kukaza, injini inanoki. Mwaka 2022 kila dereva aliruhusiwa injini 3 tu kwa msimu mzima. Aliyetia ya nne alirudishwa nyuma kwenye mstari wa kuanzia. Kwa hiyo wahandisi huibana injini isitoe yote iliyo nayo, ili ifike.

Hapo ndipo penye utamu. Tuseme umeomba kubadilisha pistoni kwa sababu zinapasuka, ukaruhusiwa kuweka ngumu zaidi. Pistoni yenyewe haijaongeza hata nguvu ya farasi mmoja. Lakini injini uliyokuwa unaibana kwa kuhofia ile pistoni, sasa unaweza kuiachia. Hukuvunja kifungu chochote, na gari limeongeza kasi.

Ferrari na Renault walilielewa hilo kabla mlango haujafungwa, na hawakuficha: bora kusajili injini yenye nguvu inayovunjika kuliko ngumu isiyo na mbio, maana uimara unaweza kuuomba baadaye. Renault walilipa kwa pampu za maji zilizoisumbua Alpine, timu yao wenyewe, mwaka mzima.

Kuomba kwenyewe si kificho. Kiwanda huiandikia FIA kikiwa na ushahidi wa kifaa kilichoharibika, FIA huwasambazia washindani barua hiyo watoe maoni, kisha inaamua. Washindani wanaweza kupinga, lakini nani atamkazia jirani leo ilhali kesho atahitaji kibali hicho hicho?

Na kwa maoni yangu, kasoro kubwa iko hapa: mlango huu unamfaa mwenye injini inayovunjika. Aliyeunda injini ngumu lakini dhaifu hana pistoni iliyopasuka ya kuweka mezani. Hili halikuanza 2022. Injini za V8, yaani za silinda nane, zilipofungwa mwaka 2007, washindani wa Renault waliutumia vizuri mwanya wa uimara, Renault wenyewe wakajikuta nyuma, hata FIA ikawaruhusu kuifanyia injini yao marekebisho kabla ya msimu wa 2009 ili wawafikie. Miaka michache baadaye Sebastian Vettel, dereva wa Red Bull, alitwaa mataji manne mfululizo, 2010 hadi 2013, akisukumwa na injini hiyo hiyo ya Renault.

Mwaka 2023 Renault walibisha hodi tena, wakilalamika kuwa wamepungukiwa nguvu. Safari hii hawakufua dafu. Septemba 2024 wakatangaza kuacha kabisa kuunda injini za langalanga, na kwa msimu wa 2026 Alpine wakachagua injini ya Mercedes.

Kanuni mpya za 2026 zimeleta njia nyingine. FIA inapima nguvu za injini msimu ukiendelea, na kiwanda kilichoachwa mbali kinapewa nafasi ya ziada ya kuiboresha yake, bila kulazimika kuonyesha kifaa kilichovunjika.