Dume kijana wa kondoo anapanda kutwa, lakini anatia mimba?

Kila nikipita Handeni na Kilindi swali ni lile lile, daktari huyu dume ana miezi nane, anapanda balaa, nimwachie kundi? Mi nasema subiri kwanza, maana kupanda ni kitu kimoja na kutia mimba ni kingine.

Anza na korodani. Dume asimame, uzishushe zote mbili taratibu, upime penye unene kwa tepu ya fundi cherehani. Zile sm 30 mnazosoma mtandaoni ni za kondoo wa miili mikubwa, ukimpimia kondoo wetu mwekundu wa Kimasai utamkataa bure, bora umlinganishe na wenzie wa umri wake hapo zizini. Ziwe ngumu kiasi, zilingane, zisiwe na vinundu. Kama moja haijashuka, huyo ni nyama tu.

Sasa jaribio lenyewe. Mpe majike 15 hadi 20 ambao walishazaa, na dume mzee mtoe kabisa, la sivyo kijana atakula vichwa tu na hatapanda hata mmoja. Koroga udongo mwekundu na mafuta ya kupikia, mpake kifuani kila asubuhi, kila jike anayepandwa atabaki na alama kiunoni (kama kondoo wako ni wekundu tafuta rangi nyingine jamani). Jike asiyeshika mimba anarudi kwenye joto, yaani anataka dume tena, baada ya siku 17 hivi, kwa hiyo siku hizo zikifika badili, weka mkaa uliosagwa. Wenye rangi mbili wakiwa wachache, dume yuko fiti. Wakiwa karibu wote, anachoka bure. Na kama wengi hawana rangi yoyote usikimbilie kumlaumu yeye, angalia kwanza kama majike hawajakonda, jike aliyekonda haji kwenye joto.

Ila akifeli usimuuze kesho yake. Mbegu zinachukua kama wiki 7 kutengenezwa, kwa hiyo homa aliyougua au lile jua la Februari la huku kwetu Tanga, hasara yake unakuja kuiona Machi, Aprili, wakati dume mwenyewe kashanenepa na anaonekana mzima. Mpe kivuli, maji, malisho ya kutosha, umrudie baada ya miezi miwili. Akifeli tena, mpeleke mnadani.